Faili Iliyopanda Kilima cha Kalembe

Wengine nikiwasimulia hii wananiambia nimeitunga. Sawa. Sitakuapia, maana kwetu tulikatazwa kuapa hovyo. Nitakueleza tu ilivyokuwa, tangu mwanzo, na wewe utaamua mwenyewe. Mama yangu yuko hai, anaishi Goma, naye aliona kwa macho yake. Na faili ninayo mpaka leo.

Kwanza kazi yangu, kwa sababu bila kuielewa hutaelewa kilichonipata. Mimi nakamata mwendo wa watu. Namvalisha mtu mikanda yenye vijisanduku kumi na saba, kila kimoja kikubwa kama kiberiti: kichwani, mabegani, mikononi, kiunoni, magotini, miguuni. Tunaviita kaptere. Mtu akitembea, akicheza, akitwanga, vile vijisanduku vinatuma habari kwenye kompyuta, na kwenye skrini unaona mifupa ya mistari ikifanya kile anachofanya yeye. Haina sura, haina nguo. Ni mwendo tu. Baadaye watu wa katuni wanaichukua ile mifupa na kuivika mwili wanaoutaka.

Mwaka huo patron, yaani bosi wetu pale Goma, alipata kazi ya filamu fupi za watoto kuhusu maisha ya zamani: kukamua ng'ombe, kusukasuka maziwa, kutwanga, kutega mitego msituni. Alitutuma watu wawili, mimi na Bahati, kijana wa pikipiki ambaye pia ni mpiga picha wetu. Tupite Masisi, tufike Kalembe, halafu tuteremke Walikale hadi Itebero. Barabara ilikuwa imetulia kidogo siku zile. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Ningekataaje? Milima ile ndiyo iliyonilea. Sijui kama umewahi kuamka Masisi, ukafungua mlango na kukuta ukungu umelala chini yako, na ng'ombe wanatoka ndani yake mmoja mmoja kama watu wanaotoka misa. Wanaume wanateremka na madumu ya maziwa kuelekea barabarani, nyasi zinawalowesha mpaka magotini. Mimi nilikuwa naona hayo yote nikiwa nyuma ya mgongo wa Koko.

Koko ni mama yake mama. Alikuwa na kisabo, kile kibuyu kikubwa cha kusukasukia maziwa, cheusi kwa moshi na siagi ya miaka mingi. Alikaa chini, akakiweka mapajani, akakisukuma mbele na nyuma, nami nikamwegemea mgongoni nikisukumwa pamoja nacho mpaka usingizi unanichukua. Alikuwa na namna yake. Anasukuma mara tatu, anakipiga kofi moja dogo kwa kiganja, anainamisha kichwa kusikiliza. Halafu tena. Nilimuuliza siku moja anasikiliza nini.

"Siagi," akasema. "Iko naongea. Ikinyamaza, njo imefika."

Nilikuwa na miaka tisa tulipokimbia. Vita sitavisimulia, kila mtu wa kwetu anavyo vyake. Tulishika njia ya Walikale, na tulipopita Kalembe kidogo magoti ya Koko yakakataa. Mvua ilikuwa inanyesha. Tukaacha barabara, watu wote wakitafuta pa kujificha mlimani, na huko Koko akakaa chini akasema sisi twende, tumwache. Papa akabaki naye. Mama akaenda na sisi watoto, mdogo wetu akiwa mgongoni. Papa alitukuta kesho yake Kibua, peke yake, mikono ina udongo mpaka kwenye viwiko.

"Nimemulaza vizuri," alimwambia Mama.

Mama alimuuliza mara nyingi ni wapi. Papa mwenyewe hakuweza kueleza: mvua, vichaka, hakuna njia. Alisema tukirudi atatupeleka. Hatukurudi naye. Aliugua hukohuko Kibua, tukamzika, na ile njia akaenda nayo. Kwa hiyo kwa miaka yote hiyo, kila Novemba watu wanapokwenda makaburini kusafisha, Mama anakaa nyumbani. Nilishamsikia akimwambia jirani, "Muntu anakufa, sawa. Lakini mi siwezi hata kuonyesha kidole."

Sasa turudi Kalembe. Tulifanyia kazi katika uwanja wa Mama Neema, mama mwema anayekaa karibu na kanisa. Wanawake walikuja siku mbili, wakacheka sana. Kabla ya kuanza lazima mtu asimame wima, anyooshe mikono pembeni, aangalie upande mmoja bila kutikisika, ili kompyuta ijue mwili wake ukoje na mbele ni wapi. Tulichagua waangalie mlango wa kanisa. Wakasema tunawasulubisha. Wakatwanga, wakapepeta, wakabeba watoto mgongoni, nami nikaandika jina la kila mmoja kwenye faili yake.

Siku ya pili, kama saa tisa alasiri, wote walikuwa wameondoka. Ukungu ulianza kushuka na manyunyu kidogo. Bahati alikwenda kuchajisha betri kwenye duka, Mama Neema alikuwa jikoni anasonga foufou ya muhogo. Mimi nilikuwa chini ya paa la kibanda, nakunja nyaya.

Nilipoinua kichwa, mama mzee alikuwa amesimama uwanjani. Kitenge kilichopauka, suweta ya sufu, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Sura yake sikuiona vizuri. Utaniuliza kwa nini, mchana mweupe, hatua tatu kutoka kwangu? Na mimi najiuliza.

"Na mie univalishe," akasema.

Nilikuwa nimechoka, lakini mzee huwezi kumkatalia. Nilimpima kwa utepe kama ninavyowapima wote: urefu, mkono, paja, mguu. Alikuwa mwepesi, niamini, mkono wake ulikuwa kama ganda la mahindi. Na alinukia moshi na siagi. Nikamvalisha mikanda, nikamwomba asimame, anyooshe mikono, aangalie kanisa. Wenzake wote walicheka hapo. Yeye hakucheka. Alisimama vile akatulia kabisa, nikaona kwenye skrini ile mifupa imetulia pia, haitetemeki hata kidogo. Binadamu anayepumua hatulii hivyo. Nilifikiri kaptere zimekwama.

Akakaa kwenye kiti kifupi akaomba kisabo. Mama Neema alikuwa na kimoja ukutani, kikavu, cha kupambia tu. Nikampa. Akakiweka mapajani, nikabonyeza kuanza.

Nilisikia maziwa. Kile kibuyu kilikuwa kitupu, nilikitungua mimi kwa mkono mmoja, na ndani yake nilisikia maziwa yakigonga huku na huku, mazito, kama yalivyokuwa yakigonga nikiwa mtoto. Macho yakawa mazito. Nilikuwa mtu mzima kazini, kompyuta iko mbele yangu, na nilitaka kulala. Sikuogopa. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi: sikuogopa hata kidogo.

"Mama yako iko muzima?" akauliza bila kuacha.

"Iko, Mama. Iko Goma."

"Umwambie nilikuwa nimechoka tu. Haikuwa kosa ya muntu."

Nikasema nitamwambia. Ndiyo, nilijibu hivyo, kama unavyojibu salamu. Kuna namna ya kuzungumza na wazee, unaitikia kwanza, unaelewa baadaye. Nikasimamisha faili, dakika nne na kidogo, nikainama kwenye kompyuta.

"Mama, niandike jina gani?"

Nikageuka. Kiti kilikuwa kitupu. Mikanda yote ilikuwa juu yake, imefungwa, kila kifungo mahali pake. Unajua kumvua mtu mikanda ile inachukua muda gani? Mimi mwenye kazi, dakika tano, na lazima kila kifungo kifunguliwe. Kisabo kilikuwa kimerudi ukutani. Nilikimbia mpaka kwenye njia. Kwenye tope kulikuwa na nyayo za kuku tu.

Nilimuuliza Mama Neema yule mama mzee ni nani. Akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mama gani? Wa mwisho alikuwa ule wa kupepeta. Mi nilikuwa naona uwanja tangu hapa, dada. Ulikuwa peke yako."

Niliandika kwenye faili "jina bado", na nikajiambia ni uchovu. Tukateremka Itebero, tukatembea msituni siku nyingi, tukarekodi mwindaji akitega mitego, na sikumwambia mtu.

Niliifungua ile faili nikiwa Goma, wiki tatu baadaye. Hapa unisamehe nikueleze mambo ya faili kidogo, si mengi.

Mwendo ukiisha kurekodiwa, unautoa kwa aina ya faili anayotaka mteja. Patron wetu anataka FBX. Hiyo ni kama gunia, inabeba mifupa, ngozi, nguo, vyote kwa pamoja, na wateja wake wanataka kiuno kimefungwa mahali pamoja, ili kikatuni kitembee papo hapo nao wakiweke popote wapendapo. Kuna C3D, ambayo ni nukta tu hewani, bila mifupa. Na kuna BVH. Hiyo ni ya zamani na ni maandishi matupu, unaweza kuifungua na kuisoma kama barua. Juu imeandikwa mifupa na urefu wake. Chini ni mistari ya namba, kila mstari ni kipande kidogo cha sekunde, na namba tatu za kwanza za kila mstari zinasema kiuno cha mtu kiko wapi duniani: ameenda mbele kiasi gani, pembeni kiasi gani, amepanda kiasi gani.

FBX ya "jina bado" ilitoka na dakika nne. C3D ilitoka tupu. BVH ilitoka na dakika kumi na tisa.

Nilisimamisha kurekodi mwenyewe, nimeshakuambia. Nikaicheza. Ile mifupa ilisukasuka maziwa yake dakika nne. Halafu ikaweka kisabo chini, ikainuka, ikatoka uwanjani. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika kitu kisichoonekana, kama fimbo. Ilitembea polepole, ikapumzika, ikapanda, ikapumzika tena. Mahali fulani iliinama, kama anayepita chini ya kitu. Ikaendelea. Mwisho ikakaa chini, ikajilaza kwa ubavu wa kulia, ikakunja magoti. Na dakika tatu zilizobaki haikutikisika.

Vile vijisanduku vikipita mita hamsini kutoka kwenye kompyuta, habari zinakatika. Na baada ya zile dakika nne vilikuwa mikononi mwangu, navikunja. Mwendo huo ulitoka wapi?

Nilimwonyesha Bahati. Aliangalia mpaka mwisho, akasimama.

"Dada, futa ile kitu."

"Siwezi."

"Basi usinionyeshe tena," akasema, akaenda kuosha pikipiki ambayo ilikuwa safi.

Jumapili baada ya misa nilipeleka kompyuta kwa Mama. Sikumwambia kitu. Nilifikiri, nikianza mimi kusema, nitamtia maneno kichwani. Nilimwambia tu aangalie kazi yangu. Alivaa miwani, akakaa, na ile mifupa ya mistari isiyo na sura ikaanza kusukuma. Mara tatu. Kofi. Ikainamisha kichwa.

Mama alitoa miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ni mama," akasema.

Nikampa yale maneno niliyotumwa, kwamba alikuwa amechoka tu, kwamba halikuwa kosa la mtu. Mama alifunika mdomo kwa kitenge. Aliangalia mifupa ikitembea, ikapanda, ikalala, na akabaki anaiangalia imelala. Ndipo akaniuliza swali ambalo mimi, mtu wa kompyuta, sikuwa nimelifikiria.

"Ilienda wapi?"

Nilifungua ile BVH kama barua. Nilichukua namba za kiuno, mstari kwa mstari, nikazichora kwenye karatasi ya miraba, na kwa sababu kila mtu tulimsimamisha akiangalia mlango wa kanisa, nilijua mbele ni wapi. Ikajichora njia. Mita themanini kuelekea kanisani, kukata kushoto, kupanda, kona moja, kupanda tena. Mita mia tatu themanini kwa jumla, na kupanda mita arobaini. Patron alinipigia simu siku hiyo akitaka faili zote. Nikamwambia nina msiba. Si uongo.

Mama ana miguu mibaya na hajawahi kupenda pikipiki. Alipanda nyuma ya Bahati, ambaye alikuwa ameapa hatasogelea Kalembe tena, mimi nikakaa nyuma yao, na Mama hakulalamika njia nzima. Tulipita milima yetu. Palipokuwa na nyumba yetu pana malisho ya mtu mwingine. Mama aliomba tusimame, akaangalia, akasema, "Hapa njo tulikuwa tunaanika mahindi," tukaendelea.

Mama Neema alitupokea, akatusikiliza, hakuuliza mengi. Aliweka kile kiti kifupi mahali pake. Nikasimama pale nikiangalia kanisa, nikiwa na kamba ya kupimia, dira ya simu na karatasi yangu, na tukaanza kutembea, Mama akiwa nyuma yangu ameshika bega langu. Njia ilipita nyuma ya kanisa, ikapita shamba la muhogo, ikapanda. Kwenye karatasi nilikuwa nimeandika "anainama", na hapo tulikuta mti umelazwa kuzuia ng'ombe, kwenye kimo cha kifua. Tukainama. Bahati alianza kusali kwa sauti ndogo.

Namba ziliishia katikati ya shamba la maharage. Maharage yalikuwa mistari mizuri, iliyonyooka, isipokuwa mahali pamoja penye majani tu na mawe matano. Mistari yote ilifika pale ikazunguka.

Mwenye shamba alitufuata kuona tunafanya nini. Anaitwa Papa Bauma, mtu wa makamo, ana jembe begani. Nilimuuliza kwa nini pale halimi.

"Hapa mi silimake. Papa yangu alinikataza. Alisema kuko mama mumoja wa kule milimani, balimuzika hapa siku ya mvua. Bwana mumoja alikuja kwetu kuomba jembe. Alirudisha jembe, akaenda na analia." Akamwangalia Mama. "Ni wa kwenu?"

"Ni wa kwetu," Mama akasema.

Hakupiga kelele. Alipiga magoti kwa shida, akaweka mkono kwenye jiwe moja, kisha la pili, yote matano, kama anayehesabu watoto. Halafu alimgeukia Papa Bauma.

"Aksanti kwa kutolima."

"Ilikuwa tu kupita pembeni, Mama," akajibu.

Siku iliyofuata katekista alikuja, tukaweka msalaba wa mbao, Mama Neema akaleta foufou na maharage ya shamba lilelile. Wakati wa kuondoka Mama aligeuka nyuma mara moja, akaonyesha kilima kwa kidole, akimwelekeza Bahati ambaye alikuwa anajua vizuri.

Nilipofika Goma niliifungua BVH. Dakika nne. Yaliyobaki hayakuwemo, wala kwenye nakala niliyoacha kazini, wala kwenye ile ya simu. Nimebaki na karatasi ya miraba tu, na ile njia.

Zile dakika nne nilimpa patron, Mama akiwa amekubali. Filamu ilitoka. Kuna msichana wa katuni mwenye gauni la njano, anasukasuka maziwa, watoto wanampenda. Lakini programu ya kusafisha mwendo iliona lile kofi na kile kichwa kinachoinama kama makosa ya kaptere, ikavilainisha. Nilijaribu kuvirudisha. Kila nikiitoa kwa FBX vinapotea, hata nisiposafisha. Kwenye maandishi ya BVH vimo. Mama alimwangalia yule msichana mara moja akasema, "Huyu anasukuma tu, hasikilize."

Mimi bado nafanya kazi hiyohiyo. Alasiri za manyunyu, wakati mwingine nikiwa peke yangu na mashine, harufu ya siagi na moshi inaingia, usingizi unanijia, nami nauacha unichukue dakika moja mbili. Kazi nyingine sina wala sitaki. Ila simvalishi mtu tena kabla hajanitajia jina lake, na la baba yake, na anakolala.

Na wewe unayesikiliza, kama kwenu yuko mzee anayetembea bado, nenda ukamtazame. Mtazame anavyoshika kikombe, anavyoinuka kwenye kiti. Muulize walipowalaza wenzake, akupeleke kwa miguu yake angali anaweza. Usiseme utafanya mwakani. Ukichelewa sana anaweza kuja mwenyewe kukutafuta. Wa kwangu alikuja na upole. Wa kwako simjui.